Akaunti ya Mwalimu

Jina la Bi Ruhusa alipewa ukubwani, tena na watu wa kazini, na mwanzoni hakulipenda. Lilianza kama utani wa dereva wa benki ya damu, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye siku moja alisimama mlangoni pake ameshika kofia mkononi.

"Dada, naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Mfumo unakukatalia wapi?"

"Haukatai popote. Nataka kwenda stendi kumpokea mama mkwe wangu."

Akamwambia kuwa ruhusa za namna hiyo hutolewa na mkurugenzi, huko juu. Dereva akajibu kwamba siku hizi humo ndani hata kunywa maji sharti upitie kwake, kwa hiyo ameona bora aanzie kwa mwenye mamlaka. Waliokuwa ukumbini walicheka, na kabla ya watu kutoka kazini jina lilikuwa limeshashika. Hata mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu wa masihara, alikuja akalitumia mkutanoni kwa bahati mbaya, akaomba radhi, kisha akaendelea kulitumia.

Mamlaka yenyewe aliyokuwa nayo ni haya. Benki ile ilikuwa na hifadhidata, yaani kumbukumbu zote zilizokaa ndani ya kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma: majina ya wachangia damu, makundi yao, majibu ya vipimo vyao, na kila chupa iliyoingia na kutoka kwenye majokofu. Bi Ruhusa ndiye aliyeamua nani aone nini, nani aandike wapi, na nani asiguse kabisa. Kila mfanyakazi alikuwa na akaunti yake na neno lake la siri, na kila akaunti ilikuwa na mipaka. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, mpole wa maneno lakini mgumu kama jiwe akishasema hapana.

Hivyo ndivyo wageni walivyomjua. Lakini wale waliokuwa naye tangu zamani walijua kwamba ukitaka kumwona akilegea, akavua miwani na kuegemea kiti, umuulize habari za wakati ambapo hapakuwa na ruhusa yoyote.

Alifika pale akiwa msichana, na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Benki ilikuwa imepewa jengo lililokuwa stoo ya hospitali, na chumba cha kompyuta ndicho kilichokuwa cha mashuka. Rafu za mbao zilikuwa bado ukutani, kila moja na maandishi ya rangi nyeupe: VITANDA VYA WATOTO, VITANDA VYA WAKUBWA, MAPAZIA. Kompyuta zilikuwa mbili, skrini zake nene kama masanduku, maandishi ya kijani yanayotetemeka. Feni ilikuwa moja, nayo ilielekezwa kwenye mashine, si kwa watu.

Na palikuwa na Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amefundisha hisabati sekondari miaka mingi kabla ya kujiingiza kwenye mambo ya kompyuta, ambayo alijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na kwa ubishi. Mazoea ya darasani hayakumtoka. Kila alipomaliza kueleza jambo alijipangusa mikono kwenye suruali, ingawa chaki hakuishika tena. Hifadhidata ile aliijenga yeye, jedwali baada ya jedwali, akichora kwanza nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Na hakuwahi kumweleza mtu jambo moja kwa moja. Aliuliza.

"Mchangia damu ni nani?" alimuuliza yule msichana wiki yake ya kwanza.

"Ni mtu."

"Mtu ana nini?"

"Ana jina."

"Na nini tena?"

"Ana kundi la damu."

"Anaweza kuwa na makundi mawili?"

"Hawezi."

"Basi kundi lake likae hapa pamoja na jina. Anaweza kuchangia zaidi ya mara moja?"

"Anaweza hata mara ishirini, akijaliwa uzima."

"Basi michango yake haiwezi kukaa hapa, itabanana. Ipe nyumba yake." Akachora jedwali jingine, akajipangusa mikono.

Msichana alirudi kwao jioni ile akamwambia mama yake kwamba amepata kazi ya kugawa nyumba. Mama mtu alifurahi sana, mpaka alipoelewa.

Mashine ilipouliza kwa mara ya kwanza jina la mtumiaji, Mwalimu aliandika "mwalimu", kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita. Ilipodai neno la siri aliwaza kidogo, akaandika "hodi". Alisema mtu anayeingia kwenye kumbukumbu za wenzake ni adabu abishe kwanza. Na hiyo ndiyo ikawa akaunti. Haikuwepo nyingine. Nesi wa mapokezi aliingia kama mwalimu. Watu wa maabara waliingia kama mwalimu. Dereva akitaka kujua chupa za kupeleka hospitalini aliingia kama mwalimu, na mama wa jikoni, aliyewapa wachangia damu biskuti na juisi, aliingia kama mwalimu kuangalia wangapi wameandikishwa ili ajue biskuti zitatosha. Kuna wakati Mwalimu alilazwa na homa, na mkurugenzi wa enzi hizo akapita chumbani akiwa na karatasi za ripoti.

"Huyu mgonjwa wenu ni mgonjwa wa aina gani? Anaandikisha watu tangu asubuhi."

Kwa kuwa mashine zilikuwa chache, watu walijua nani anafanya nini kwa masikio. Mtu alipaza sauti kutoka maabara: "Nani yuko kwenye jedwali la chupa? Atoke kidogo, nina la kusahihisha." Mwingine akajibu kutoka ukumbini: "Ni mimi. Kunywa chai kwanza, namalizia." Bi Ruhusa alikuwa akisema kwamba ukikaa pale katikati ungeweza kufunga macho na bado ukajua kila kilichokuwa kikiandikwa jengo zima.

Lakini siku aliyokuwa akiisimulia zaidi ni ile ya ajali. Mabasi mawili yaligongana barabara kuu, redio ikatangaza, na mchana ule watu wakamiminika kuja kutoa damu, foleni ikatoka nje ya geti ikazunguka ukuta. Nesi wote walikuwa na sindano mikononi, hapakuwa na wa kuandika. Ndipo mama wa jikoni alipovua aproni akakaa kwenye kompyuta moja, na dereva, aliyekuwa akisubiri chupa za kwanza zipimwe, akakaa kwenye nyingine. Dereva aliandika kwa kidole kimoja, akisoma kila herufi kwa sauti. Mama wa jikoni alikuwa mwepesi kuliko wote, ila aliwauliza watu maswali ambayo mfumo haukuyataka, kama vile wamekula nini asubuhi na wanaishi na nani. Hakuna aliyewauliza nani amewaruhusu. Walibisha hodi, wakaingia, wakafanya kazi mpaka foleni ikaisha.

"Tulikuwa kama nyumba moja," alikuwa akisema, kisha anavaa miwani.

Miaka ikapita, skrini zikawa nyembamba, rafu za mashuka zikang'olewa. Mwalimu akastaafu. Walimpa viatu vya ngozi na koti, akatoa hotuba iliyokuwa na maswali mengi kuliko majibu, akaondoka. Bi Ruhusa akakalia kiti chake. Alikuwa amekwishasoma kozi zaidi ya moja kufikia hapo, na alijua wazi kwamba akaunti moja kwa watu wote si jambo jema. Lakini mambo yalikuwa yakienda, na kila alipotaka kuligusa alijikuta ana kazi nyingine ya kufanya.

Halafu likatokea la kutokea. Mzee mmoja aliyekuwa akichangia kwa miaka mingi alikuja kama kawaida yake, na kadi yake ya mfukoni ikasema yeye ni kundi O, ilhali mfumo ulisema B. Hakuna aliyedhurika, kwa sababu maabara ilipima upya kila damu kabla haijatoka. Lakini mkurugenzi, daktari mwanamke aliyekuwa mgeni pale, mwenye kusema polepole kama anayehesabu matone, alimwita Bi Ruhusa ofisini.

"Nani aliyebadilisha?"

Bi Ruhusa alikuwa ameshaangalia. "Mwalimu."

"Mwalimu si alistaafu?"

"Alistaafu, Daktari. Lakini sisi sote ni Mwalimu."

Mkurugenzi akasogeza kando karatasi zake. Kisha akasema kilichokuwa moyoni mwake. Benki ilikuwa inatengenezewa tovuti. Hospitali zitaagiza damu kwa mtandao, na wachangia damu watajipangia siku zao wenyewe kwa simu. Hifadhidata ileile iliyokuwa imejifungia chumba cha nyuma itakuwa inazungumza na ulimwengu mzima. "Kabla haijafunguliwa," alisema, "nataka kila mtu aingie kwa jina lake, na akute kazi yake tu."

Bi Ruhusa hakukaa mezani kubuni ruhusa kutoka kichwani. Alimpitia kila mtu pale alipokuwa akifanyia kazi, akavuta kiti, akauliza kama alivyofundishwa. Kazi yako inataka uone nini? Inataka uandike nini? Kuna siku umewahi kufuta kitu? Kwa nini?

Wa maabara hawakusumbua. Wao waliandika majibu ya vipimo na kuyasoma, na walikubali wenyewe kwamba asiwepo mtu wa kuyafuta; likitokea kosa, jibu jipya liandikwe chini ya la zamani. Ugumu ulikuwa mapokezi. Nesi wa pale, aliyeanza kazi mwaka mmoja na Bi Ruhusa, alisikia kwamba hataona tena majibu ya vipimo, akaweka kalamu chini.

"Miaka yote nimeyaona. Leo nimekuwa mwizi?"

"Hujawa mwizi."

"Basi mmbeya."

"Wala hilo sijasema. Nikuulize, kuandikisha mtu kunakutaka ujue majibu yake?"

"Hapana. Lakini nilikuwa nikiwajua."

"Wao walitaka ujue?"

Nesi akaichukua tena kalamu yake. Bi Ruhusa akasogeza kiti karibu. "Siku likiandikwa kosa, ndugu yangu, na wewe hukulifanya, sitaki jina lako liwe miongoni mwa ya kuulizwa. Hilo tu." Siku mbili nesi hakumsalimu, ya tatu akamletea chai.

Dereva alielezwa kwamba yeye ataona chupa za kupeleka na hospitali zinakoenda, basi. Akakuna kidevu. "Mimi tatizo langu ni moja. Nilikuwa nikiingia kuangalia kundi langu la damu, maana huwa linanitoka." Bi Ruhusa akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, akalitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati lake.

Akaunti iliyomchukulia muda mrefu zaidi haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya tovuti yenyewe. Vijana waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wameomba ruhusa zote, kwa hoja kwamba ni rahisi zaidi, na mkurugenzi akataka kujua kwa nini wamekataliwa.

"Daktari, hii tovuti mhesabu kama mfanyakazi mpya tunayemsimamisha getini aongee na kila mpita njia," Bi Ruhusa alimweleza. "Asome idadi ya chupa. Apokee maagizo. Apange siku za watu. Majibu ya vipimo asiyaone hata kwa bahati mbaya, na kufuta asijue ni nini. Siku watu wabaya wakimkamata wakampekua, wakute mifuko mitupu."

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani mwenye maswali yake, alisikiliza habari hizi akila. Akauliza yeye mwenyewe amejipa nini. Bi Ruhusa akasema amejitengenezea akaunti mbili: ya kila siku, ambayo haiwezi kuharibu kitu, na ya kazi nzito, ambayo huifungua tu inapobidi.

"Kwa hiyo ukitaka kufanya kazi nzito unajiomba ruhusa mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na ukijikatalia?"

"Nakuja kulala."

Wote walipokwisha kuhamia kwenye akaunti zao, alibakiza ile ya zamani wazi kwa muda, aone kama kuna aliyesahauliwa. Kwanza waliingia wawili watatu kwa mazoea, akawafuata akawaelekeza. Kisha ikanyamaza. Isipokuwa jambo moja. Kila asubuhi, kabla wafanyakazi hawajafika, mwalimu aliingia. Hakuwa akiingilia ndani ya jengo. Alikuja kwa njia ya nje, ile aliyoifungua Mwalimu mwenyewe zamani ili aweze kurekebisha mambo akiwa nyumbani siku za mapumziko. Alikaa kidogo, akatoka.

Bi Ruhusa alijua kabla hajachunguza. Hata hivyo alichunguza. Kila siku mgeni yule aliuliza swali moja: kwenye majokofu kuna chupa ngapi za kila kundi. Akishajibiwa, anaondoka. Lakini kumbukumbu za nani aliingilia wapi mashine ilizitunza kwa wiki chache tu. Siku ile ya kundi la yule mzee kubadilika ilikuwa imeshafutika, na Bi Ruhusa alikaa akiitazama skrini akitamani asiwe na wazo alilokuwa nalo.

Hakulificha. Alikwenda juu akamweleza mkurugenzi yote.

"Funga leo," mkurugenzi alisema.

"Nitafunga. Ila naomba niende kwake kwanza. Nikimfungia kimyakimya atadhani kompyuta yake imeharibika, atashinda anaifungua na kuifunga."

Mkurugenzi akafikiri. "Kesho, basi."

Mwalimu alikaa na mkewe kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa na kibaraza, na kwenye kibaraza makopo ya rangi yaliyogeuzwa vyungu vya maua. Bi Ruhusa alibeba machungwa. Mke wa Mwalimu, mkunga mstaafu mwenye mikono mikubwa, alimkumbatia kabla hajamaliza kusalimia.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Huyu Mwalimu wako kila asubuhi anajifungia na hiyo kompyuta. Nikimuuliza, anasoma habari. Nikimuuliza habari gani, anasema si nzuri leo."

Mwalimu alitoka chumbani amevaa sweta, amekonda, lakini viatu vilikuwa vilevile vya ngozi, vimepigwa dawa. Alimwangalia Bi Ruhusa, akaangalia machungwa, akaketi.

"Umenifuata," alisema.

"Nimekufuata, Mwalimu."

"Nani amegundua?"

"Mimi."

"Umechelewa," alisema, lakini kwa upole, kama anayerudisha daftari la mwanafunzi anayempenda.

Mkewe alisimama mlangoni na sahani mikononi. "Umegundua nini?"

Ikabidi aelezwe. Mwalimu alieleza mwenyewe, akitazama makopo ya maua. Alisema kwamba kwa miaka yote ya kazi, jambo la kwanza asubuhi lilikuwa kutazama majokofu yana nini. Alipostaafu aliamka siku ya kwanza akajikuta hajui ni siku njema au mbaya. Akaingia kuangalia mara moja tu. Kesho yake vilevile. Chupa zikiwa nyingi, chai inashuka. Zikiwa chache, anashinda na mawazo, wala hana wa kumwambia.

"Ungeniambia mimi," mkewe alisema.

"Ungefanya nini?"

"Ningekaa na mawazo nawe."

Bi Ruhusa aliona aibu kuwapo. Lakini alikuwa hajamaliza. Akamweleza habari ya yule mzee wa kundi O, na kwamba kumbukumbu za siku ile hazipo tena. Hakuuliza. Alieleza tu.

Mwalimu alijipangusa mikono kwenye magoti. "Unataka nikwambie sikuwa mimi."

"Nataka uniambie ilivyokuwa."

"Ningependa kuapa. Nilikuwa natazama tu, sikuwahi kutaka kubadilisha kitu. Lakini macho yangu si yale, na vidole vinatetemeka asubuhi. Kama niligusa mahali, sijui. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mmoja wenu, sivyo? Hata nesi hajui. Hata wewe hujui." Alimwangalia machoni. "Sasa nikuulize. Mtu asiyeweza kujua kama amekosea, umpe ruhusa gani?"

Bi Ruhusa alilijua jibu; akachukua chungwa, akaanza kulimenya.

"Ya kutoka nje," Mwalimu alisema. "Nifunge, binti yangu. Ulipaswa kunifunga siku ile ya hotuba."

Walikula machungwa. Mkewe aliuliza habari za mama wa jikoni, na za nesi, na kama dereva bado husahau kundi lake la damu. Bi Ruhusa alipoaga, Mwalimu hakumsindikiza hadi njiani kama zamani, alisema magoti yanamsumbua.

Kesho yake, watu walipokuwa kwenye chai, alifungua akaunti yake ya kazi nzito, akaandika amri ya kumwondoa mtumiaji anayeitwa mwalimu. Mashine ilikataa. Ilisema mtumiaji huyo hawezi kuondolewa kwa kuwa kuna vitu vinavyomtegemea. Kisha ikaanza kuvitaja: jedwali la wachangia damu, jedwali la michango, jedwali la chupa, la vipimo, la majokofu, la hospitali, yakashuka skrini nzima na kuendelea. Kila alichokijenga kilikuwa bado ni mali yake.

Alivua miwani. Alijua fika la kufanya, alikuwa amelisoma na kulifanya mahali pengine. Hata hivyo alichukua simu.

"Mwalimu, mashine imekataa kukuondoa."

"Imesemaje?"

Akamsomea. Kule upande wa pili Mwalimu alicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, na sauti ya mkewe ikasikika ikiuliza kuna nini.

"Kitu hakiwezi kukosa mwenyewe," alisema alipotulia. "Unafanyaje?"

"Namtafutia mwenyewe mwingine kwanza."

"Nani?"

"Nimetengeneza mmoja, nimemwita mtunzaji. Hana neno la siri na hakuna anayeweza kuingia kwa jina lake. Kazi yake ni kumiliki tu."

"Si mtu?"

"Si mtu. Ni cheo."

"Afadhali. Cheo hakistaafu. Haya, hamisha."

Akahamisha majedwali yote kwa amri moja, simu ikiwa imebanwa begani. Kisha akarudia ile ya kwanza, na safari hii mashine ikakubali bila neno la ziada. "Tayari," alisema. Mwalimu akasema ahsante, akamwambia akanywe chai yake kabla haijapoa.

Tovuti ilifunguliwa baada ya mwezi na ushei. Mkurugenzi alitaka pawe na kashughuli kadogo, na alipouliza nani aalikwe, Bi Ruhusa akataja majina mawili. Mwalimu alikuja na mkewe, amevaa lile koti la kustaafia. Wazee wa kazi walimzunguka jikoni, wakaongea wote kwa pamoja. Nesi wa mapokezi alimshtakia kwamba siku hizi hajui habari za mtu yeyote, anaishi kama kipofu. Mwalimu akamuuliza kama analala vizuri. Nesi akakiri kwamba analala.

Bi Ruhusa alimwonyesha ukurasa wa mbele wa tovuti. Ulikuwa na makundi ya damu, na mbele ya kila kundi hali ya majokofu siku ile: ipo ya kutosha, inapungua, inahitajika sana. Ulikuwa wazi kwa mtu yeyote, hapakuhitajika akaunti. Ndiyo ruhusa ndogo kuliko zote alizozitoa, alisema, na ameitoa kwa watu wote.

Mwalimu alisogeza uso karibu na skrini, akasoma mstari kwa mstari. "Haina idadi."

"Haina. Idadi ni ya wenye kazi."

"Vizuri," alisema, ingawa usoni hakuonekana kama mtu aliyeambiwa jambo zuri. Kisha akamgeukia. "Na wewe je? Siku yako ikifika?"

"Mwenzangu wa maabara nimeshamfundisha. Ana akaunti yake. Mimi nikiondoka watafunga yangu, dakika moja haiishi. Sina jedwali hata moja."

"Inakuuma?"

Alifikiri kwanza, kwa sababu alikuwa akimjibu yeye. "Kidogo. Zamani nilikuwa nasikia kila kitu kilichoandikwa humu ndani. Sasa kila mtu yuko kwenye skrini yake, kimya. Kazi inakwenda vizuri kuliko wakati wowote, Mwalimu. Lakini kuna siku nakaa hapa natamani mtu apige kelele kutoka maabara."

"Mimi pia," alisema Mwalimu.

Walikaa hivyo mpaka mkewe alipokuja kusema giza linawahi siku hizi na wana njia ndefu. Dereva akajitolea kuwapeleka, akaomba ruhusa kwa Bi Ruhusa, akatumwa kwa mkurugenzi, akarudi nayo. Mke wa Mwalimu alipanda mbele ili amwelekeze njia. Mwalimu alipanda nyuma, akashusha kioo, akaanza kumuuliza Bi Ruhusa maua gani yanaweza kuvumilia kibaraza cha upande wa jua, maana yale ya kwenye makopo yalikuwa yananyauka. Bi Ruhusa alisema hajui, lakini mumewe ana dada yake anayeuza miche, atamuuliza. Akaahidi kuja nayo mwenyewe Jumamosi, gari likaondoka.